Maua ya Mukuba Chini ya Dirisha

Bustani yetu pale Likasi tuliipanga kwa sababu moja tu: pasichimbwe. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi kutimia, hakulia, na wamama wakubwa wa ukoo wa bwana wangu wakasema mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini na watu wazima. Wakamzika wenyewe lupangoni, yaani uani kwetu, chini ya dirisha la chumba chetu, wakasawazisha udongo, wakaniambia nisilie kwa sauti. Padri hatukumwambia. Nyumba ilikuwa ya kampuni ya migodi iliyomwajiri bwana wangu, na lupango lote mpaka kwenye uzio wa michongoma lilikuwa la kampuni pia. Chetu kilikuwa kile kipande tu.

Basi nikaanza kuchagua maua kama mtu anayechagua mlinzi. Nilitaka waridi, kwa ajili ya miiba. Nikapanda, mchwa wakala mizizi. Bugenvilea niliiogopa, mizizi yake ingeshuka mbali mno. Vitu vya kula sikutaka hata kusikia, maana panapoota viazi vitamu jembe litafuata. Jirani mmoja alinicheka, ati naringa kama madamu wa kizungu, maua matupu na watu wanatafuta matembele. Nina mdomo mimi, kila mtu anajua, lakini siku ile niliufunga.

Bwana wangu ndiye aliyepata dawa. Siku moja alirudi kutoka kazini Kambove na gunia. Ndani mlikuwa na maua madogo ya zambarau, yale yanayoota vilimani penye shaba, nasi tunayaita maua ya mukuba, ndiyo shaba hiyo. Aliyang'oa pamoja na udongo wake, kwa kuwa kwenye udongo mwingine yanakataa. Akaleta na mawe ya kijani, akayazungusha pale pote. Nikamwuliza kwa nini maua hayo.

"Hii maua habaikule, habaiuzishe," akasema, yaani hayaliwi wala hayauzwi. "Nani ataigusa?"

Ee, palipendeza. Kila mwisho wa mvua yalichanua, nami asubuhi nikifungua dirisha nilimsalimia mtoto wangu. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Kisha nchi ikaanguka. Mshahara ulichelewa, ukapungua, ukakoma. Malupango ya majirani yakalimwa mahindi hadi mlangoni. Mwenye njaa hana miiko. Bwana wangu akatolewa kazini, na nyumba tukaambiwa tuiache. Tukapata chumba cha kupanga mtaa wa Kikula. Nilimsihi tumtoe mtoto twende naye. Akasema mifupa ya mtoto wa miezi ile haingoji watu. Nilimchukia kwa maneno yale, na nilijua anasema kweli. Tukaondoka.

Wakati ule ndipo watu walipoanza kujichimbia shaba wenyewe, Kamatanda na kwingineko, kila kijana na sururu yake. Alama zao ni zile zile ambazo kila mtu wa Likasi anazijua: ukiona mawe ya kijani, ukiona maua ya mukuba, chimba. Bwana wangu alizijua kuliko wote. Ila zamani zile kuchimba ilikuwa kazi ya kampuni. Nani angefikiria mtu na sururu chini ya dirisha la chumba?

Siku moja baada ya misa nilipita pale penye nyumba yetu ya zamani, nitupe jicho tu. Chini ya dirisha palikuwa na shimo la kumfika mtu kifuani. Mpangaji mpya alikuwa kijana mpole. Akanitolea kiti, akanieleza bila kuficha kwamba yeye na mdogo wake waliyaona maua na mawe, wakasema hapa pana mali.

"Hatukupata kintu, mama," akasema. "Bule kabisa."

Akaniomba radhi kwa ajili ya maua, akidhani ndiyo niliyoyafuata. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumwuliza udongo waliutupa wapi. Ningeanzia wapi? Kando ya shimo mche mmoja ulikuwa bado na mizizi. Nikauokota, nikamshukuru, nikaenda.

Kule Kikula uwanja wote ulikuwa mahindi ya mwenye nyumba, mpaka ukutani. Nilisimama na ule mche mkononi hadi bwana wangu akatoka, akauona, akajua. Hatukuwa na pahali pa kuupanda.