Salamu Kwanza, Nambari Mwisho

Habari za kifo chake zilinifikia nikiwa kwenye foleni ya mbolea hapa Kitale. Aliyenipigia alikuwa mkewe, na hakuzunguka. "Mwarimu, mzee ametuacha. Sukari imemmaliza." Nilitoka kwenye foleni, nikaenda kusimama kando ya ukuta, na watu wakanipita na magunia yao. Aliyetutoka alikuwa mpiga litungu, kile kinubi cha nyuzi ambacho watu wa Bungoma hukipenda kwenye harusi, kwenye matanga na katika msimu wa tohara. Jina lake sitalitaja, kama ilivyo desturi yangu hapa. Niseme pia mapema kwamba leo ninaandika nikiwa nimekata tamaa, na anayetaka kuchangamshwa na safu hii itabidi anisamehe.

Mzee huyu hakuwa na wa kumsimamia. Alikuwa meneja wake, karani wake na mchukuzi wa chombo chake. Kazi aliitafuta kwa miguu. Akisikia kuna mazishi Myanga au harambee Bungoma mjini, alifika bila kualikwa, akapiga nyimbo mbili za bure, na kabla hajaondoka alikuwa ameshaitwa kwingine, wakati mwingine mpaka huku juu Endebess. Mara ya kwanza nilimwona Myanga, kwenye matanga ya shemeji yangu. Alikuja mapema, akapita akiuliza polepole nani ni nani. Muda wake ulipofika hakugusa uzi hata mmoja kabla ya kusalimu. Aliwasalimu watu wa ukoo wa marehemu, watu wa mjane, wakwe waliotoka Trans-Nzoia, chifu, kanisa, na akina mama waliokuwa wakipika nyuma ya nyumba. Nyuma kabisa alikuwa ameketi bibi mmoja ambaye hakuna aliyekuwa amemtambua. Ukoo wake ulipotajwa, alisimama akamlilia marehemu kwa sauti kama mwanawe, na hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba alimlea marehemu. Kwetu, mwimbaji anayeanza kuimba kabla ya kuwasalimu wenye boma huonekana hana adabu, na hata awe na sauti tamu namna gani, hataitwa tena.

Kisha sukari ikamshika miguu. Alikatwa kidole, kidonda kikakataa kupona, na ile kazi ya kutembea ikaisha. Harusi zikachukuliwa na vijana wenye spika kubwa, na simu yake ikanyamaza. Siku moja alishuka kwenye bodaboda mlangoni pangu, litungu likiwa ndani ya gunia, jasho likimtoka. "Mwarimu, miguu imekataa," akasema. "Nasikia siku hizi watu wanatafuta wasanii kwa simu. Nataka hiyo tovuti itembee badala ya miguu yangu." Hakuwa na shughuli nyingine tena, wala hakuitaka. Alitaka aitwe akapige, basi. Nilimpeleka kwa mama mmoja mwenye saiba, chumba cha kompyuta na mtandao, karibu na soko la Kitale, ambaye hutengeneza tovuti za shule na maduka na anajua kazi yake vizuri.

Mama wa saiba alimkalisha, akamuuliza swali ambalo kila msanii anayejisimamia angepaswa kuulizwa. "Mzee, mtu akifungua, aone nini kwanza?"

"Aone nimemsarimia."

"Sawa. Tuweke salamu moja, 'Mulembe', hapo chini picha yako na litungu, halafu wimbo mmoja abonyeze asikie, halafu namba ya simu. Hizo zingine zote zifuate."

"Huwezi kupigia watu wimbo kabla hujawasarimia, mama. Watasema nimeretwa na nani?"

"Lakini si hawako mbele yako, bana! Huyu ni mtu ako kwa ofisi Nairobi, ako haraka. Asipoona kitu anaenda kwa mwingine."

"Ndiyo maana razima nimsarimie. Hanijui, na mimi simjui."

Hapo ndipo kazi yote ilipoharibikia, na sijawahi kuona kosa lililotoka kwenye adabu nyingi kama lile. Kwenye boma la watu angeuliza nani ni nani. Kwenye tovuti hakuwa na wa kumuuliza. Kwa kuwa hakujua ni nani atakayefungua, aliamua asimruke mtu. Alitaja koo, akataja makanisa, akataja machifu, walimu, wauguzi, watu wa magereza na wetu walioko ng'ambo, na kila siku alipiga simu saiba kuongeza aliowasahau. Wimbo ukasukumwa chini. Nambari ya simu ikawekwa mwisho kabisa, kwa sababu kwake mambo ya kuitwa kazini huongelewa pembeni, watu wakishashiba. Kuiweka juu aliona ni kuomba kazi kabla ya kutoa heshima. Mama wa saiba alibishana naye hadi akachoka, akafanya alivyoambiwa.

Basi akakaa kwake akingoja. Simu aliiweka kwenye chaji mchana kutwa, asije akapigiwa ikiwa imezima. Akawa ananipigia kuniuliza kama mtandao umepotea. Mkewe aliniambia kwamba alianza kufungua litungu asubuhi, analikaza nyuzi, halafu analirudisha kwenye gunia bila kupiga. Sijui kama kuna kitu kinachomla mtu kuliko kuwa tayari kila siku kwa mwito usiokuja.

Baadaye, huko Bungoma, nilikutana na dada anayepanga sherehe za utamaduni, akilalamika kwamba hapati mpiga litungu wa kweli. Nikamtajia wangu. "Ah, huyo nilimfungua," akaniambia. "Nikaona ni salamu za machifu na makanisa tu, nikadhani ni mtu anatafuta kura. Sikufika chini." Nilimpigia mzee nikamweleza. Alikuwa amelazwa wodini wakati huo. "Kwa hivyo hakusikia hata uzi mmoja?" akauliza. Kisha akasema, "Mwambie mama aweke wimbo juu. Aweke na simu." Mama wa saiba alibadilisha siku hiyo hiyo. Mzee alifariki kabla hajapokea simu hata moja iliyotoka huko.

Nimejaribu kutafuta wa kumkasirikia nimemkosa, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Mama wa saiba alisema kweli. Mzee naye hakuwa mjinga. Alitumia maisha yake kujifunza kumsoma mtu aliyeketi mbele yake, tukamwambia uzeeni, akiwa mgonjwa, kwamba sasa awapendeze watu asiowaona, na haraka, kabla kidole chao hakijateleza. Tunamtaka msanii atunge, aimbe, ajitangaze, ajipangie safari na ajue mitambo, kisha tunashangaa anapopotea. Kwenye mazishi yake uwanja ulijaa, na kila mkono uliinua simu kunasa picha. Niliwatazama nikajiuliza ni nani kati yao aliyewahi kuitumia simu hiyo kumwita.

Wiki iliyopita nilienda kumjulia hali mjane. Tulipokuwa tukinywa chai simu ya marehemu ikalia. Mjane alipokea, akasikiliza, akasema mwenyewe hayupo tena, akaitikia pole, kisha akafunika simu kwa kiganja akanitazama. "Ndivyo wanafanya wote tangu ile tovuti ibadilishwe. Wakishasema pole wanauliza kama kuna mwingine wa kupiga kama yeye. Sasa mwarimu, niwaambie nini?"

Nilimwambia aseme ukweli, kwamba hakuna. Funzo nililotoka nalo ni dogo na limechelewa. Wewe msanii unayejisimamia, weka sauti yako na simu yako mahali mgeni atakapovikuta kabla hajachoka, salamu atazipata akishakaa. Na wewe unayesoma hapa, ikiwa unamjua mzee kijijini kwenu ambaye bado anapiga, mpigie leo, angali anaweza kuipokea simu mwenyewe.