Niambie Mwisho Sikioni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mzee hakunipa kitabu hata kimoja. Alinipa kitambaa. Mzee ndiye aliyekuwa mwenye duka, alilorithi kwa babake hapo katikati ya mji wa Nakuru. "Mama Wanja," akaniambia, "panguza rafu zote kwanza. Ukimaliza utajua kila kitabu inakaa wapi." Nilipanguza nikinung'unika. Kufikia jioni nilijua.

Ninyi vijana mnaotazama nyota za wasomaji kwenye simu kabla ya kununua kitabu, mtacheka mkisikia tulivyofanya sisi. Nilianzia kaunta ya vitabu vya shule, ambako kila mzazi alitoka akilia bei. Halafu Meneja, mpwa wa Mzee, mtu wa tai na haraka, akanihamishia rafu ya hadithi. Mwaka huo ulikuwa 2007. Hapo nikakutana na waandishi wanaojichapishia wenyewe. Mtu anamlipa mpiga chapa kutoka mfukoni mwake, kisha anatuletea vitabu kwa mali kauli, yaani tunakaa navyo na kumlipa vikishauzika. Visipouzika, anavibeba kurudi kwake. Hawa hawakuwa na gazeti la kuwasifu. Walikuwa na msomaji tu, na msomaji asiposema, nani atajua kama kitabu kipo?

Kwa hivyo tulikuwa na desturi. Msomaji akirudi na maoni, niliyaandika kwenye kipande cha katoni pamoja na mahali alikotoka, nikakibana kwenye rafu kwa kibanio cha nguo. Mzee alikuwa na sheria moja: "Kama hajafika mwisho, maneno yake isikae kwa rafu yangu." Basi kila aliyetaka kusema, nilimtegea sikio aninong'oneze jinsi hadithi inavyoisha. Sikioni, ili asiwaharibie wengine utamu.

Mama Chebet alitoka Kuresoi, mkulima wa viazi, gambuti miguuni zikiwa bado na udongo. Hadithi yake ilimhusu mjane anayeishi nyumba moja na mama mkwe mkali. Aliuza ng'ombe wa maziwa ili kuichapisha. Nilimpenda siku hiyo hiyo. Lakini vitabu vyake vilikaa tu, na Meneja akaanza kuvikodolea macho. "Mwisho wa mwezi vitoke," akasema. "Hapo nitaweka kamusi."

Nikamwambia Mama Chebet ukweli: tafuta wasomaji waseme. Alichofanya kinanichekesha hadi leo. Aliniletea kwaya! Akina mama wa kanisa lake, sweta za rangi moja, wakajipanga mbele ya kaunta.

"Hiyo kitabu ni nzuri sana, Mungu ambariki," akasema wa kwanza.

Nikamtegea sikio. "Inaisha aje, mathe?"

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akamtazama Mama Chebet. Hakuna aliyekuwa amefungua hata jalada. Sikuandika neno, na Mama Chebet akaondoka amenuna, bila kuniaga. Iliniuma.

Haikupita wiki, akaingia fundi wa mitambo ya umeme kule Olkaria, mmoja wa wachache walionunua kile kitabu. Alininong'oneza mwisho wote, hadi machozi ya yule mama mkwe. Kisha akasema kwa sauti, "Andika hivi, madam. Katikati inaboesha. Pale kwa harusi nililala kabisa. Lakini huyo mama mkwe ni wangu, sijui mwandishi alimjulia wapi. Chai ilipoa nikisoma."

Niliandika yote. "Sasa umekiua," Meneja akaniambia. Wapi! Watu walisimama, wakasoma, wakacheka, wakanunua ili wamwone huyo mama mkwe. Waliamini kwa sababu jamaa alikiri kulala. Wakarudi kuninong'oneza, na vipande vya katoni vikaongezeka.

Kisha ukaja uchaguzi na vurugu zilizofuata. Tulifunga duka. Tulipofungua tena, hakukuwa na habari za Mama Chebet wala simu kutoka kwake. Wasomaji wakawa wanaingia kuuliza, si kitabu, bali yeye. Mkulima mmoja wa Dundori aliniandikisha maneno haya: "Mwandishi, kama uko salama, tuambie. Tunangoja kitabu ingine." Nilikibana kipande chake mbele ya vingine vyote.

Alikuja mvua zilipoanza, amekonda, viatu vya kuazima. Nyumba yake ilichomwa, na hadithi ya pili aliyokuwa akiiandika iliteketea humo.

"Nimekuja kuchukua vitabu zangu, Mama Wanja. Hii maneno ya kuandika nimeacha."

"Hakuna hata kimoja, mama. Vyote vimeuzwa."

Hakuniamini. Nikamshika mkono nikampeleka kwenye rafu. Alisoma kipande baada ya kipande, amesimama. Kwa yule fundi aliyelala harusini, akacheka. Kwa yule wa Dundori akalia, nami nikalia naye, na Meneja akajifanya anapanga kamusi. Kisha Mama Chebet akanisogelea, akaniinamia sikioni, akaninong'oneza mwisho wa hadithi. Haikuwa ile niliyoijua; ilikuwa ile iliyoteketea.

Sasa nimestaafu, na vitu vingi vya duka nimevisahau. Aliiandika upya, na kitabu hicho cha pili ninacho hapa nyumbani, nimekisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Mwisho aliubadilisha. Ule alioninong'oneza siku ile ninao mimi peke yangu, na sijamwambia mtu.