Komeo la Trela ya Arvilla

Kambini kwetu, kambi ya watu wanaoishi kwenye trela, walevi na walokole, wote tunashika adabu moja: mtu akiunga trela yake kwenye gari, hasemeshwi. Hata una shida gani, subiri amalize. Akili ikimhama kidogo tu anasahau kitu, na akishaingia barabarani ndipo atakapojua hajui.

Loren Tedrow hakuijua adabu hiyo, wala hakujisumbua kuuliza. Alitua Prescott, mji wa kambi yetu, kwa basi kutoka Omaha, shati limepigwa pasi, kaja kumrudisha mama yake nyumbani. Nyumbani wapi, sijui, maana nyumba ilikwisha kuuzwa. Alikuwa amemwandalia chumba chini ya nyumba yake mwenyewe, chenye kidirisha cha kuchungulia viatu vya wapita njia.

Mama huyo ni Arvilla, mpishi wa shule miaka yote ya kazi yake. Mumewe alipofariki akauza nyumba, akanunua pikapu kuukuu na trela ndogo ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, akatangaza kwamba kuanzia sasa atalala anapopataka. Alikuja kambini kwetu kujifunza kwanza, na jirani aliyemfundisha ni mimi, Burl. Nimeishi kwenye trela tangu nilipoacha kuendesha malori, na wazembe siwavumilii.

Arvilla hakuwa mzembe. Nilimfundisha hivi: kikombe cha trela kikishalivaa tufe la chuma la pikapu, funga komeo, tia pini, halafu pandisha jeki ya pua ya trela. Pikapu ikinyanyuka pamoja na trela, imeshika. Isiponyanyuka, rudia. Nikamwambia akague kila mara, hata kama aliyeunga ni mimi. Basi akawa ananikagua kweli, tena mbele za watu, mpaka nikaona ananifanyia kusudi.

Asubuhi ya Arvilla kuondoka, mayai yalipoa mezani mama na mwana wakibishana. Loren hakuacha kitu: utaugua nani ajue, utaibiwa, utakufa jangwani kama paka. Mwishowe Arvilla akachoka. Akampa neno lake: likiipata trela lolote kabla hajafika Quartzsite, kule tunakokaa msimu wa baridi, ataiuza na kumfuata Omaha bila kinyongo. Nilimkata jicho anyamaze, lakini alikwisha kusema, na Arvilla akisema amesema.

Nilikwenda ofisi ya kambi kuaga kwamba natoka kidogo. Niliporudi, trela imeshaungwa, Arvilla yuko kwenye usukani, macho mekundu. Nami nilikuwa nimeahidi kumsindikiza mpaka chini ya mlima kwa gari langu, kisha nimpeleke Loren kwenye basi la kurudi. Tukatoka, yeye mbele, sisi nyuma.

Mpaka mji wa Yarnell mambo shwari. Baada ya hapo barabara inaporomoka, mwamba upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Kona ya kwanza tu nikaona pua ya trela inadunda peke yake. Ilitakiwa idunde pamoja na mkia wa pikapu.

"Nani kafunga lile komeo?" nikauliza.

Loren akasema, taratibu, "Mimi. Nilimwambia aingie garini nimalizie. Lilikuwa gumu, nikalibana."

Nilitaka kumtupa nje. Kikombe kilikuwa kimekaa juu ya tufe tu, hakijalivaa, na njia nzima kilikuwa kinasubiri shimo. Loren akashika simu. Mlimani pale simu haishiki. Akanyoosha mkono apige honi, nikaupiga kofi. Arvilla angeshtuka akakanyaga breki, trela yote ingempanda mgongoni. Nikawasha taa za tahadhari, nikakaa nyuma yake, nikaomba, mimi ambaye kanisani naenda kwenye mazishi tu.

Shimo likaja. Trela ikaruka, pua ikaanguka kwenye minyororo ya usalama inayoifunga kwenye pikapu, cheche zikatapakaa lami. Ikaanza kuyumba, huku, kule, mara ya tatu gurudumu likakwaruza ukingo wa bonde. Loren alikuwa analia bila sauti. Mimi nilikuwa namwambia Arvilla, kana kwamba ananisikia, asiguse breki ya mguu, ashike kile kijiti kidogo kando ya usukani kinachofunga magurudumu ya trela peke yake. Nilimfundisha siku moja tu, tena kwa haraka.

Taa za breki za pikapu hazikuwaka. Magurudumu ya trela yakatoa moshi. Ikanyooka, ikapungua mwendo, ikasimama kwenye kokoto kandokando ya mwamba.

Arvilla alishuka akishikilia mlango. Hakutazama hata uharibifu. Alimwendea mwanawe, akamnyooshea funguo. Neno lake alikuwa amelitoa.

Na Loren akazipokea! Akakunja ngumi juu yake, akatazama chini. Hasira zilinipanda nikauma ulimi, maana kukiri nani alifunga lile komeo kulikuwa kwake yeye. Mwisho akainua kichwa.

"Mama, hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyefunga vibaya."

"Najua," Arvilla akasema. "Nilikuona kwenye kioo unahangaika nalo."

"Sasa mbona hukushuka kukagua?"

"Burl ni mtu baki, namkagua kila siku na sioni taabu. Wewe ni mwanangu, nikaona aibu kukukagua."

Loren akakaa kwenye kokoto na shati lake lile. Arvilla alimwacha alie, akaja kunikagua nilipoiunga trela upya. Kisha akainama, akamfungua vidole kimoja kimoja kama mtoto aliyeokota kitu kichafu, akachukua funguo zake.

"Kosa lako halinirudishi Omaha. Nenda, basi litakuacha," akamwambia. "Nikifika Quartzsite nitakupigia."