Potasiamu Isiyo ya Mwamba

Ofisini walimwita Dada Mistari, maana kutwa aliinamia chati ndefu za vipimo vilivyoshushwa kwa waya kwenye visima vya gesi. Kwa mistari hiyo aliweza kusema udongo gani umejificha ndani ya mwamba wa mchanga, kilomita mbili ardhini. Potasiamu ikiwa nyingi, huo ni udongo mtulivu; ikiwa kidogo, huenda ni ule unaovimba ukinywa maji yasiyo na chumvi, ukaziba njia ya gesi.

Jumamosi moja mchana alikuwa akipiga pasi, mara mkono ukasimama. Jana yake alitia sahihi ripoti ya kisima kipya: udongo mtulivu, kisafishwe kwa maji matamu. Lakini wachorongaji walikichimba kwa tope lililotiwa chumvi ya potasiamu! Kipimo kingejuaje ipi ya tope, ipi ya mwamba?

"Mama watoto, unaunguza!" mumewe akapiga kelele.

Hakulitazama shati mara mbili. Alimpigia simu msimamizi wa kisima.

"Bosi, msisukume maji. Nimekosea."

"Pampu zimeshafika, dada yangu. Jana ulikuwa na uhakika, leo umeota?"

"Chukueni kipande cha mwamba wa kina kile, mkitumbukize kwenye glasi ya maji. Nusu saa tu. Kikibaki kizima, nifukuzeni."

Alifagia sebule iliyokwisha kufagiwa. Akapanga vikombe, akavipangua.

"Kaa chini, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Hata kuku anayetafuta pa kutagia hahangaiki hivyo."

Simu ikalia.

"Kimevimba, kikamomonyoka, sasa ni uji mtupu," msimamizi alisema polepole. "Tutatumia maji ya chumvi. Lakini sahihi kwenye ripoti ni yako."

"Naijua sahihi yangu."

Kisima kilinusurika. Yeye alipata onyo la maandishi, na asante hakuisikia. Lakini si onyo lililomnyima raha: mwaka ule alikuwa amesoma visima vingine vitano. Jumatatu alizitoa chati zote, akaondoa hesabu ya potasiamu ya tope, kisima baada ya kisima. Vinne vilikuwa salama. Cha tano kilikuwa na udongo unaovimba, nacho kwa ripoti yake kilishasukumiwa maji matamu miezi mitatu nyuma, na gesi yake ilikuwa ikipungua bila mtu kujua sababu.

Aliandika barua ya ukurasa mmoja kukiri kosa hilo, akaipeleka kwa mkono wake, akasimama mbele ya meza ya msimamizi mpaka bosi huyo akamaliza kuisoma.