Maharage ya Bibi Kwenye Waya wa Fonie

Enzi zetu pale Gisenyi hatukuwa na simu mfukoni, tulikuwa na fonie. Vijana wa leo chekeni tu. Ilikuwa redio ya kuita na kujibu, sanduku zito juu ya meza ya sebuleni, likitumia bateri ya gari. Waya wake wa antena ulitoka dirishani, ukavuka ua mpaka kwenye mlingoti wa mkaratusi. Baba aliinunua kwa ajili ya biashara, lakini saa moja asubuhi ilikuwa ya Mama. Saa hiyo mdogo wake, Mama Mdogo Zawadi, aliita kutoka Kisangani.

Msimu ule Mama Mdogo alikuwa mjamzito, na mimba mbili za kabla zilikuwa zimeharibika. Kila asubuhi tulijibana mbele ya fonie, viazi vitamu vya moto mkononi, tukiomba sauti ifike. Siku za ukavu sauti ilifika. Siku za umande tulisikia mchemko tu, kama uji jikoni, na katikati yake neno moja: "...hospitali..." Kisha kimya. Mama alilia siku hiyo, nami niliogopa sana.

Baba akahangaika. Alisugua vichwa vya bateri kwa msasa, akabadilisha bateri yenyewe, akakaza kila skrubu, akalaumu hata moshi wa volkano ya Nyiragongo. Aliyelalamika kuliko wote ni Bibi, mama yake Mama, aliyekuwa nasi tangu mvua zianze akitokea Kanama. "Mukwe wangu, hii kitu yako iko inakula bateri ya bure!"

Siku ya nne Baba aliachana na sanduku, akaufuata waya kwa macho toka dirishani hadi mlingotini. Maharage ya kupanda yalikuwa yameuvaa mlingoti wote, yakatambaa juu ya waya, majani yakichuruzika maji. Bibi ndiye aliyeyapanda. Kwao Kanama, mti kusimama bila maharage ni uvivu. Majani yakilowa yalivuta sauti yote ardhini, na jua likiyakausha, sauti inarudi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mkwe hamkosoi mama mkwe, sembuse kumkatia maharage yenye maua! Baba alikohoa, akazunguka mlingoti mara tatu, sisi tumeziba midomo kwa kicheko. "Mabukwe, maharage yenu iko muzuri sana. Lakini njo yenyewe inasikia Zawadi mbele ya sisi kusikia."

Bibi akatazama waya, akatazama majani, akaelewa. Alileta vijiti, akapiga magoti kwenye tope na kitenge chake cha kanisani, akafungua shina moja moja na kuyahamishia yote vijitini. Hakuna ua lililodondoka.

Kesho yake umande ulikuwepo, na sauti ikaja safi. "Gisenyi, munanisikia? Ni mutoto mukike! Tuko bazima wote. Nimemupa jina ya Mama yetu." Nyuma yake kitoto kililia. Bibi alijibu kwa kelele za kufika ng'ambo ya barabara, bila kubonyeza kitufe cha kusemea, ikabidi Mama ambonyezee.

Mtoto huyo leo ana simu mbili. Nikimpigia kwa video, mtandao ni safi, namwona hadi meno. "Yaya, niko bize, uniandikie tu," ananiambia mimi mkubwa wake. Naandika, anasoma, hajibu. Simkasirikii, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Ila natamani ajue kwamba kuna asubuhi nyumba nzima ilizuia pumzi ili imsikie akilia.