Kati ya Kufuta na Kubadilisha Jina

"Shangazi, siku ile uliposimama ukasema kosa ni lako, kwani hukuogopa?"

Mpwa wake alimuuliza hivyo akiwa darasa la tatu, miguu ikining'inia kwenye stuli ya jikoni. Shangazi alimtazama kama mtu anayetazama kioo cha dirisha, si kilichoko nje. "Kula, chakula kinapoa," akasema. Mtoto akala, swali likabaki na njaa.

Kazini shangazi huyo aliitwa Fundi, ingawa hakushika nyundo wala bisibisi. Aliandika programu kwa lugha ya C katika maabara ya hospitali, ile inayopima tone la damu ya kisigino cha kila mtoto anayezaliwa, kutafuta maradhi yanayoharibu ubongo yasipotibiwa mapema. Maabara hiyo ilikuwa na desturi yake. Kila Jumatano walipigiwa simu akina mama ambao majibu ya watoto wao ni mabaya. Wengine hawakupigiwa. Kimya ndicho kilichokuwa cheti cha afya.

Programu ilihifadhi majibu kwa tahadhari: iliandika faili jipya kwa jina la muda, kisha ikalibadilisha jina lishike lile la zamani. Kwenye kompyuta za Linux kazi hiyo haikuwa na kelele. La zamani likiinuka, jipya limeshaketi, kiti hakipoi. Ndipo watu wa mapokezi wakaletewa kompyuta ya Windows, na faili la majibu likahamishiwa humo. Amri ileile ya C, herufi kwa herufi, huku ikagoma: jina hilo lina mwenyewe.

Mwezi huo Fundi alikuwa amemzika mama yake. Aliamka, akapiga mswaki, akaenda, akarudi. Chai yenye sukari na isiyo nayo, kwake yote mamoja. Kwa ajili ya kompyuta ya mapokezi akaongeza mistari miwili: futa la zamani, kisha badilisha jina la jipya. Ikakubali. Pembeni akaandika, "Nitarudi kupanga vizuri." Hakurudi.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, umeme ukakatika katikati ya mistari hiyo miwili. Pengo lenyewe halifiki hata kupepesa jicho, lakini la kuvunda halina ubani. Umeme uliporudi, programu iliamka, ikakuta faili la zamani halipo, ikadhani ndiyo siku yake ya kwanza kazini. Ikafungua jipya, tupu. Lile la muda, lililobeba kila kitu, ikalifagia kama takataka, maana ndivyo Fundi alivyoiagiza ifanye kila ikiamka. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki iliyopita. Majibu ya watoto sabini na mmoja yakawa hayapo, na simu zilikuwa zipigwe kesho yake.

Mkuu wa maabara akaita kikao.

"Tuseme ni umeme," akasema. "Watapimwa tena wakija kliniki ya miezi mitatu. Umeme hauitwi kujieleza."

Fundi akasimama. "Kesho hatutawapigia simu, nao watajua watoto wazima. Kama yumo mgonjwa, ubongo wake hausubiri miezi mitatu."

"Dada yangu, una msiba. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Si umeme, mkuu. Ni mistari miwili, na niliiandika mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya simu.

"Umejichimbia kaburi, mwenzangu," dada mmoja wa mapokezi akamnong'oneza.

Fundi akaenda kuomba daftari la wodi, lenye namba za wazazi, akaanza kupiga mwenyewe.

"Yaani mmempoteza mwanangu?" mama mmoja alifoka.

"Mtoto unaye, mama. Tumepoteza majibu yake."

"Nani kapoteza?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Niliyeandika programu."

"Basi si uandike nyingine!"

"Nimeshaandika. Mlete mtoto."

Na kweli alikuwa ameshaandika. Upande wa Windows sasa alitumia amri ya mfumo wenyewe, inayoweka jipya juu ya la zamani kwa mkupuo mmoja, na ule ufagio wa kila ikiamka akaupiga marufuku. Kufikia Ijumaa watoto wote walikuwa wamechomwa upya visigino. Wawili majibu yao yalikuwa mabaya. Wakaanza dawa wiki hiyohiyo. Barua ya onyo ilipokuja, Fundi aliitia sahihi bila kuisoma.

Miaka saba ikapita. Mpwa yuko sekondari, anajifunza C kwenye kompyuta kuukuu ya shangazi yake. Jioni moja akauliza kwa nini faili lisifutwe tu kwanza. Shangazi akaweka sahani chini, akakaa.

"Uliwahi kuniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Tangu bibi yako afe, sikuwa nasikia hata chumvi. Nilisema ni mimi kwa kuwa ilikuwa ni mimi, basi. Woga ulinijia mwaka wa pili, nilipomwona mmoja wa wale wawili akikimbia koridoni, viatu kavaa kushoto kulia. Nikakaa kwenye ngazi, nikawaza angekuwaje kama tungengoja miezi mitatu."