Nani Atamwita Huko Lodwar?

Mwaka wa 2012 kazi yangu mjini Lodwar ilikuwa kuwapima watoto macho na masikio, kisha kuwatafutia shule zitakazowafaa. Nasema zitakazowafaa, si shule kubwa wala zenye sare za kupendeza. Niligombana na watu wengi katika kazi ile, maana kila mmoja alitaka mtoto asukumwe palipo na nafasi, kama gunia la mahindi. Mimi ni mwepesi wa hasira na sijawahi kuificha.

Siku moja niliitwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma kumtazama msichana wa Sudan Kusini aliyekuwa darasa la tatu. Mwalimu wake alimsifu kwa utulivu: hachezi, hapigi kelele, ila mitihani ndiyo humshinda. Nikaketi nyuma ya darasa. Watoto walikuwa wamebanana kwenye madawati wakiimba hesabu za kuzidisha, mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, na yeye akiimba pamoja nao. Mdomo wake ulifunguka na kufumba sawasawa na wenzake, macho yakiwa kwenye koo la jirani yake. Nikasogea ubavuni mwake, nikainama nimsikilize. Hakuwa akitoa sauti hata kidogo.

Alikuwa kiziwi. Tangu aanze shule alikuwa akiimba kwa kutazama koo za watu. Nilitoka nje nikasimama juani, nimejiandaa kumgombeza mtu, na nikakuta sina hasira. Nilikuwa na mshangao tu. Akili ya namna gani ile, inayoweza kujificha ndani ya wimbo ambao haijawahi kuusikia!

Mama yake aliuza chai na mandazi sokoni mle kambini. Yeye alijua siku zote kwamba bintiye hasikii. Shule ndiyo haikujua, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Nikamweleza habari za shule ya viziwi ya Lodwar, ya bweni, ambako watoto huzungumza kwa mikono. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza mandazi kwenye mafuta.

"Ustaza," akaniambia, maana ndivyo walivyowaita walimu wa kike kwa Kiarabu chao cha Juba, "mimi naita yeye na jiwe. Jiwe kidogo, natupa karibu na mguu yake, yeye nageuka. Huko Lodwar nani ataita yeye?"

"Walimu wapo, mama. Na matroni yupo."

"Hao najua kuita huyu?"

"Ndiyo kazi yao."

"Kazi!" Akacheka bila furaha. "Bunduki ikilia, watoto yote nakimbia. Huyu nasimama. Mimi ndiyo nabeba yeye. Hiyo kazi itabeba yeye?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilikunywa chai yangu nikaondoka. Niliporudi akanikatalia tena, safari hii hata kabla sijakaa. Lakini mimi nami si mtu wa kukatalika, na mwishowe akakubali kwenda kutazama tu, kwa sharti moja: jioni ile ile arudi Kakuma na mtoto wake. Nikawaombea kibali cha kutoka kambini na nafasi kwenye gari la ofisi.

Tuliingia shuleni saa ya chakula. Wageni hudhani shule ya viziwi ni kimya kama kaburi. Hata! Kulikuwa na vicheko, miguno, vishindo vya miguu na mlio wa sahani. Watoto walikuwa kwenye foleni ya githeri, sahani wamezibana kwapani ili mikono ibaki huru. Mmoja alibana yake kwa kidevu na bado akaendelea kubishana. Wavulana wawili walikuwa wakitaniana, huyu yuko jikoni, yule mlangoni mwa bweni, na uwanja mzima katikati yao, na kila mmoja akimwelewa mwenzake bila kusogea hata hatua.

Msichana alikuwa amejificha nyuma ya mama yake. Akachungulia. Kisha akatoka, akasimama mbele yetu huku mikono yake ikining'inia, akitazama. Nimewahi kuona watoto wa Kaikor, kaskazini mwa Turkana, wakiitazama mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, wasijue kama wacheke au wakimbie. Yeye alipiga hatua moja, akasita. Nilitaka kumshika, mama yake akanizuia kwa mkono.

Watoto wakamzunguka. Hakujua ishara hata moja, na hilo halikuwazuia. Walimtazama uso, nywele, miguu, wakaanza kujadiliana kwa bidii kubwa.

"Hawa nafanya nini?" mama akauliza, amekunja uso.

Mwalimu wa zamu, naye kiziwi, akanieleza kwa mikono, nami nikamtafsiria mama: wanamtafutia jina. Kwa viziwi jina hujichagulii, wala mzazi hakuchagulii. Wanaokuona ndio wanaokupa. Mmoja alipendekeza urefu wa miguu yake, wenzake wakakataa. Ndipo msichana mmoja mdogo akaweka ncha ya kidole shavuni na kukizungusha. Wote wakaafiki. Binti tuliyemleta alikuwa na kishimo shavuni, kinachoonekana akitabasamu, na wakati ule, bila mimi kutambua, alikuwa ameanza kutabasamu.

Mama akakaa chini, pale pale mchangani.

"Hiyo ya baba yake," akasema polepole. "Baba yake alikuwa na hiyo. Nani naambia hawa?"

"Hakuna aliyewaambia, mama."

Kisha akainua mkono, akaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe, akakizungusha. Mtoto mmoja alimgusa binti begani na kumwonyesha. Akageuka, akaona jina lake kwenye uso wa mama yake. Akajigusa kifua, macho yamemtoka: mimi? Mama akalirudia. Mimi? Akalirudia tena. Miaka yote ile mama alikuwa na jina zuri alilompa bintiye alipozaliwa, na hakuwahi kumwita kwalo akaitika.

Nililia mbele ya wanafunzi, nao wakanicheka.

Jioni mama alipanda gari peke yake. "Yeye nabaki," aliniambia, basi. Gari lilipoingia barabara ya Kakuma nilimwona dirishani, kidole kiko shavuni, akikizungusha na kukizungusha asije akalisahau jina njiani.